Nani Analipia Picha?

Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi wake wasisumbukie chakula wala mavazi, hakuishia kwenye maneno. Aliwaelekeza wainue macho, wawatazame ndege wa angani (Mathayo 6). Kwa hiyo kutazama ndege si kazi ya watu wasio na kazi, wala si anasa ya watalii peke yao. Ni agizo la Bwana. Martin Luther, alipoifafanua sura hiyo, aliwaita ndege walimu wetu, waliowekwa mbele ya macho yetu ili watuaibishe sisi tunaohangaika kana kwamba hatuna Baba.

Lakini Biblia hiyo hiyo inatusimulia habari za mfalme Daudi, aliyetembea juu ya dari ya nyumba yake wakati wa jioni, akamwona mwanamke akioga (2 Samweli 11). Alitazama, akatuma watu, akamtwaa. Mwisho wake ulikuwa uzinzi na mauaji. Jicho la Daudi halikuwa na kasoro. Lilikuwa jicho lile lile lililowahi kutazama mbingu, mwezi na nyota na kumsifu Muumba. Basi tujiulize: ni lini kutazama kunakuwa ibada, na ni lini kunakuwa wizi?

Swali hili tulikutana nalo kwa njia ambayo hatukuitazamia. Tulifundishwa na ndege anayeitwa furukombe, na baadaye na mama mmoja wa usharika wetu.

Jina la furukombe si geni kwa msomaji wa Biblia. Limo katika tafsiri tuliyoizoea, Mambo ya Walawi 11, kwenye orodha ya ndege ambao Israeli walikatazwa kuwala. Wataalamu hawakubaliani juu ya kila ndege katika orodha hiyo, na watu wa ziwani kwetu nao hulitumia jina hili kwa ndege zaidi ya mmoja. Sisi hapa tunamsema yule mla samaki anayehama. Asichanganywe na kwazi, mwenye kichwa na kifua cheupe na kelele nyingi, ambaye tunaishi naye mwaka mzima. Furukombe ni mdogo kuliko kwazi. Mgongo wake ni wa kahawia iliyoiva, tumbo jeupe, na mstari mweusi umepita kwenye jicho lake kama kitambaa cha mtu aliyefungwa kichwa. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita moja na nusu au zaidi, lakini uzito wake mara nyingi hauzidi kilo mbili.

Chakula chake ni samaki, na karibu hali kitu kingine. Humwona samaki akiwa juu sana, husimama hewani akipigapiga mabawa, kisha hujitupa majini, miguu ikitangulia. Nyayo zake zina miiba midogo ya kumshika samaki mtelezi, na kidole chake cha nje huweza kugeuka nyuma, hata ashike kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Akipaa humgeuza samaki, kichwa kielekee mbele, ili upepo usimsumbue. Mungu alipomuuliza Ayubu kama ni kwa hekima yake mwewe huruka na kunyosha mabawa kuelekea kusini, angeweza pia kumuuliza habari za ndege huyu. Furukombe wa Ulaya huzaa huko kaskazini wakati wa joto, na baridi inapokaribia huja Afrika. Wengi hukaa Afrika Magharibi, lakini baadhi ya wale wa Ufini na Urusi huteremka hadi maziwa na pwani zetu za Afrika Mashariki. Kinda wa mwaka huo husafiri peke yake. Mama ametangulia, baba yuko nyuma, na hakuna aliyemwonyesha njia. Hata hivyo hufika.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa na usharika rafiki nchini Ufini. Wenyeji wetu walijua kwamba tunapenda kupiga picha, wakatupeleka Pohtiolampi, katika eneo la Kangasala. Hapo kuna mabwawa yenye samaki ambayo furukombe huja kuvua, na kando yake vibanda vya maficho kwa wapiga picha. Tulitakiwa kuingia kibandani kabla ndege hawajaanza kuja, tukae kimya, wala tusitoke wanapokuwa karibu. Tulikaa saa nyingi. Mbu walitufanyia walivyotaka. Furukombe alipokuja, kila kitu kilikwisha kwa muda wa kupiga chafya: kishindo, maji kuruka, mabawa mapana yakijivuta kutoka bwawani na samaki aking'aa. Tulipoangalia picha zetu, nyingi zilikuwa za maji matupu. Moja ilimwonyesha ndege mzima, macho yake ya njano yakitazama upande wetu bila kutuona.

Tuliuliza kwa nini tusipelekwe kwenye kiota, ambako ndege hatuponyoki upesi hivyo. Mwenyeji wetu alitushangaa kidogo. Alisema, "Hapa bwawani yeye ndiye anayekuja kwetu. Kule kwenye kiota, sisi ndio tungekuwa tumeingia kwake." Kisha akatueleza. Mama huatamia mayai, kwa kawaida matatu, kwa siku zisizopungua 35. Akifukuzwa na mtu, mayai hupoa. Makinda wakiwa wadogo huhitaji kivuli cha mama kwenye jua na paa la mabawa yake kwenye mvua. Makinda waliokua kidogo wakishtuka huweza kuruka kabla ya wakati, wakaanguka. Mpiga picha atarudi nyumbani na picha nzuri sana, na hatajua kamwe kilichotokea nyuma yake. Ufini ina watu wa kujitolea ambao tangu mwaka 1971 wamefuatilia viota vya furukombe kwa mpango maalumu. Huwafunga makinda pete miguuni, na pale ambapo miti mizee imekatwa hujenga majukwaa ya viota. Hao hupanda mtini, ndiyo, lakini kwa siku iliyochaguliwa, kwa muda mfupi, na kwa faida ya ndege mwenyewe.

Jambo hili si geni kwa Maandiko. Kumbukumbu la Torati 22 inaamuru kwamba mtu akikuta kiota njiani, na mama ameyalalia mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na wanawe. Amwache mama aende zake. Amri ndogo kabisa, mtu angesema. Lakini ahadi iliyofungwa kwenye amri hiyo ni ya kupata heri na siku nyingi, ahadi ile ile iliyofungwa kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu anaweka mpaka kwenye mkono wetu hata pale ambapo hakuna mtu anayetuona, na hata pale ambapo aliye dhaifu hawezi kutushtaki.

Watu wa Uskoti walijifunza hayo kwa uchungu. Huko furukombe walikuwa wamekwisha kuwa viumbe wa kusimuliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine waliuawa na watu wenye mabwawa ya samaki, lakini wengine waliangamizwa na watu waliowapenda. Walikuwapo wakusanyaji wa mayai na wa ndege waliokaushwa, watu waliosoma na waliojua habari za ndege kuliko majirani zao. Kila furukombe alivyozidi kuwa adimu, ndivyo yai lake lilivyozidi kuwa na thamani kwao. Upendo wao ulitaka kabati. Katika miaka ya 1950 jozi ya furukombe ilirudi kwenye misitu ya Loch Garten. Chama cha kulinda ndege, RSPB, kikaweka walinzi, na mahali pakafanywa siri. Mwaka 1958, usiku, mtu alipanda mti licha ya ulinzi. Mayai mawili yalikutwa yamepasuka chini, na kiotani yalikuwamo mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu ili yafanane na ya furukombe.

Mwaka uliofuata, George Waterston wa chama hicho alifanya jambo ambalo wengi wangeliona la kijinga. Badala ya kuongeza siri, aliwakaribisha watu wote. Kikajengwa kibanda mbali na mti, zikawekwa darubini, na maelfu ya watu wakaja kutazama. Makinda matatu yaliruka mwaka huo wa 1959. Leo Uingereza ina zaidi ya jozi 200 za furukombe, na sheria ya mwaka 1981 inakataza kuwasumbua kiotani, hata kwa nia ya kupiga picha, pasipo kibali.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu inazuia jibu jepesi. Mtu angeweza kusema, "Basi, tuache kutazama. Tuache kamera nyumbani." Loch Garten inatuonyesha kwamba kutazama kunaweza kuokoa. Mwizi alitazama, na wale maelfu walitazama. Tofauti haikuwa kwenye macho. Ilikuwa kwenye umbali, na kwenye swali moja: ni nani anayelipa ili mimi nione? Mwizi aliona, ndege akalipa. Wale maelfu waliona, nao wakalipa wenyewe, kwa safari ndefu, kwa subira, kwa kukubali kuona kidogo. Hapo ndipo tulipopata kipimo ambacho tangu siku hiyo kimetusumbua: kila picha ina gharama, na mtu fulani huilipa.

Tungependa kuandika kwamba tulirudi nyumbani tumeongoka. Haikuwa hivyo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, tulikuwa Ziwa Victoria, sisi wawili wa usharika na mzee mwenye mtumbwi. Kwenye mti mkavu uliosimama majini tulimwona furukombe, ameshika samaki, anakula. Furaha iliyotupata haielezeki. Tuliwaza kwamba huenda amezaliwa kule tulikotoka. Tulikuwa mbali, na lenzi yetu haikuwa ndefu. Tukamwomba mzee asogee. Akasogea. Tukamwomba asogee tena. Alituambia, "Huyu ataondoka." Tukamwomba tena.

Furukombe aliondoka na samaki wake. Hakufika mbali. Kwazi aliyekuwa kwenye miamba alimfuata, akamsonga hewani mpaka akamwachia samaki. Sisi tulipata picha: ya mgongo, tena yenye ukungu. Mzee aliweka kasia magotini, akasema kwa upole, "Wachungaji, mmemnyima riziki yake ya leo. Sasa hiyo picha mtaila?"

Tulicheka, lakini kicheko hakikukaa. Tulijua kipimo, na tukakivunja mara tu furaha yetu ilipokuwa kubwa.

Luther naye aliwahi kuwatetea ndege, kwa utani wenye ukweli ndani yake. Mnamo mwaka 1534 mtumishi wake, Wolfgang Sieberger, alinunua nyavu kuukuu kwa bei kubwa ili awanase ndege. Luther akaandika mashtaka kana kwamba yameletwa kwake na ndege wenyewe, wakilalamika kwamba wananyang'anywa uhuru ambao Mungu amewapa wa kuruka angani na kuokota punje ardhini. Wakamwomba Luther amwagize mtumishi wake amwage nafaka jioni, na asubuhi asiamke kabla ya saa mbili, ili nao wapate kula na kwenda zao. Ni utani, lakini tuangalie alichofanya: alimpa sauti asiye na sauti, akamweka mbele ya hakimu, na mshtakiwa alikuwa mtu wa nyumbani mwake.

Sasa tufike kwenye nyumba yetu wenyewe, maana hatukuandika haya kwa ajili ya ndege tu.

Katika usharika wetu idara ya diakonia hugawa unga na maharage kwa wazee na wajane wakati wa njaa. Marafiki wanaotusaidia hupenda kuona msaada umefika, na ni haki yao kujua. Siku moja ya ugawaji, alikuja mama mmoja mjane, mwimbaji wa zamani wa kwaya, mtu aliyewahi kuwalisha wengi nyumbani kwake. Alipopokea mfuko wa unga tuliinua kamera. Akauvuta upande wa khanga, akajifunika uso. Tukamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, shusha kidogo khanga, tuone uso." Akashusha. Tukapiga. Picha ilikuwa nzuri. Ilipelekwa kwa marafiki, na nakala ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa.

Ugawaji uliofuata hakuja. Alimtuma mjukuu wake aseme kwamba unga bado upo. Tulijua kwamba haupo. Tulimtembelea bila kamera na bila mfuko. Alitukaribisha, akatupikia uji wa unga ule mchache aliokuwa nao, na tukaona aibu kuunywa na aibu kuukataa. Tulipomwomba msamaha alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mchungaji, siku ile nilikuwa na njaa. Mwenye njaa hana nguvu ya kukataa."

Maneno hayo tumetembea nayo tangu hapo. Furukombe wa ziwani angalau alikuwa na mabawa. Tulipomkaribia mno, aliondoka. Mama yule hakuwa na mahali pa kurukia. Mtu anaweza kusema kwamba alikubali, kwa maana alishusha khanga kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kukubali kwa mtu ambaye unga wake umo mkononi mwako ni kukubali kwa namna gani? Amri ya saba inatukataza kuiba, na Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba haitoshi kutoiba. Tunapaswa kumsaidia jirani azihifadhi mali zake. Maskini ana mali gani? Mara nyingi iliyobaki ni uso wake, na jina lake mbele ya majirani. Hiyo ndiyo tuliyoibandika ubaoni.

Jambo hili tulilipeleka kwenye baraza la wazee. Mzee mmoja alisema wazi kwamba bila picha marafiki wetu watachoka, misaada itapungua, na watakaoumia ni wajane hao hao. Hakusema uongo, na hatukuweza kumpa hakikisho. Tulijadiliana hadi giza likaingia. Mwisho tulikubaliana kwamba siku ya kugawa chakula hakuna kamera. Marafiki watapelekewa hesabu, sahihi za wazee, na picha ya magunia. Anayetaka kusimulia habari zake kwa picha ataulizwa siku nyingine, nyumbani kwake, akiwa ameshiba, na akiwa anajua kwamba akikataa unga wake upo pale pale. Picha ya mama iliondolewa ubaoni siku hiyo hiyo. Mwaka huo misaada ilipungua kidogo. Hatujui kama ni kwa sababu hiyo. Tulichanga wenyewe kwa ugumu, na huenda hiyo ndiyo gharama ambayo tangu mwanzo ilikuwa yetu, tukamtwika mwingine.

Kuna kutazama kwingine katika Injili. Marko 10 inasimulia habari za mtu tajiri aliyemjia Yesu mbio na kupiga magoti. Mwinjilisti anasema kwamba Yesu alimkazia macho, akampenda. Alimwambia kweli iliyokuwa ngumu, na yule mtu akaenda zake akiwa na huzuni. Yesu hakumshika nguo. Hakumkimbilia wala hakumpunguzia masharti ili abaki naye. Alimtazama kwa upendo wote, akamwacha huru. Daudi alitazama, akatwaa. Mwana wa Daudi alitazama, akapenda, akaacha huru, na gharama ya upendo huo akailipa mwenyewe msalabani.

Wapendwa, wengi wetu sasa tuna kamera mfukoni. Tunapiga picha wagonjwa vitandani, wafiwa kaburini, watoto wa wenzetu, watu waliopata ajali barabarani. Hatusemi kwamba kila picha ni dhambi. Kamera ya kule Pohtiolampi ilitufanya tumsifu Mungu, na picha ile ya ndege mwenye macho ya njano bado iko ofisini kwetu. Tunaomba tu kwamba kabla ya kuinua mkono, kila mmoja ajiulize nani anailipia picha hii. Kama ni mimi ninayelipa, kwa subira yangu, kwa umbali wangu, kwa kukubali kurudi nyumbani mtupu, basi nitazame na kumshukuru Mungu. Kama anayelipa ni yule aliye mbele yangu, na hana mabawa, nishushe mkono.

Mama yule amerudi kwenye ugawaji. Huja mapema, hukaa benchi la mbele, na siku hizi yeye ndiye anayeanzisha wimbo.